Wali Uliolala: Utangulizi wa Fani ya Wali wa Kukaanga wa Vietnam

Atakayekuambia kwamba wali wa kukaanga wa Vietnam ni chakula cha dakika kumi amesema kweli, lakini amekupa nusu ya habari. Dakika kumi ni za karai. Kabla ya hizo kuna usiku mzima wa wali wenyewe: uliopikwa jana kwa maji kidogo, ukatandazwa upoe, ukalala kwenye friji hadi punje zikaachana. Mpishi aliyeutumia vizuri usiku huo hahitaji ufundi mkubwa motoni. Aliyeupuuza ataishia na bokoboko, hata akiwa na karai la bei mbaya na mkono mwepesi. Fani ninayokukaribisha inaanzia hapo, kwenye kiporo, na kwa sababu hiyo naamini msomaji wa Kiswahili haingii mikono mitupu. Kiporo anakijua. Ukoko anaujua. Tofauti kati ya wali uliochambuka na wali ulioshikana aliijua kabla hajajua kusoma.

Naiita fani kwa makusudi. Sahani moja ya wali huu ina kazi ya mwanahistoria, kwa kuwa imepita bandarini na sokoni kabla ya kufika mezani. Ina kazi ya mkemia, kwa sababu ya wanga. Ina kazi ya mwanabiolojia, kwa sababu ya kijidudu kimoja ambacho nitakieleza kwa urefu kidogo. Hata mwanafizikia ana sehemu yake. Anayeanza, hata hivyo, hahitaji maabara: karai, mwiko, friji na moto wa kutosha vinamtosha kufanya uchunguzi wa maana jikoni kwake.

Kaskazini mwa Vietnam, Hanoi na viunga vyake, chakula hiki huitwa cơm rang. Kusini, Ho Chi Minh City na delta ya Mto Mekong, huitwa cơm chiên. Ukienda mgahawani kusini, jina utakaloliona mara nyingi kwenye orodha ya vyakula ni cơm chiên Dương Châu: wali wenye mayai, kamba, soseji tamu ya Kichina, karoti na njegere. Dương Châu ni Yangzhou, mji wa mkoa wa Jiangsu nchini China, kando ya Mfereji Mkuu, na wali wa kukaanga wa mji huo ni maarufu kiasi kwamba mwaka 2015 mamlaka zake zilitoa kanuni rasmi za kuupika. Wachina waliohamia kusini mwa Vietnam kwa vizazi kadhaa, hasa waliojenga Chợ Lớn, eneo la biashara ambalo leo limemezwa na jiji la Ho Chi Minh, walikuja na karai, soseji na desturi ya kukaanga wali kwa moto mkali. Hakuna Mvietnam anayekana asili hiyo.

Lakini sahani ya mgahawani si mlango mzuri wa kuingilia fani hii. Mlango mzuri ni staftahi ya nyumbani. Wali uliobaki jana jioni unatiwa kwenye kikaango chenye mafuta ya nguruwe, majani ya vitunguu yaliyokatwakatwa na nước mắm kidogo, ile sosi ya samaki nitakayoieleza mbele, kisha mtoto anakula na kwenda shule. Hicho ndicho chakula ambacho watu wa Hanoi waliokulia kipindi cha mgao hukisimulia kwa hisia. Kipindi hicho chakula kiligawiwa na serikali kwa kuponi na daftari la mchele, na mara nyingi mchele wenyewe ulichanganywa na nafaka nyingine au mihogo ili sufuria ijae. Msomaji aliyesimama foleni za Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, au aliyelishwa unga wa yanga, hahitaji maelezo zaidi. Mageuzi ya uchumi ya Đổi Mới yalitangazwa mwaka 1986, na kufikia mwaka 1989 Vietnam ilikuwa inauza nje zaidi ya tani milioni 1 za mchele. Wali wa kukaanga ukaanza kujaa kamba na nyama. Mimi bado namshauri mwanafunzi aanze na ule wa kimaskini, kwa kuwa ndani yake hakuna kitu cha kuuficha wali. Kosa lolote linaonekana.

Sasa tuingie kwenye maji, maana humo ndimo kuna siri karibu zote.

Wali uliopikwa, pamoja na ukavu tunaouona kwa macho, una maji kiasi cha theluthi mbili ya uzito wake. Gramu 600 za wali, chakula cha watu watatu, zimebeba takribani gramu 400 za maji. Maji hayo hayapandi juu ya nyuzi 100 za Selsiasi mpaka yawe mvuke, na kuyageuza kuwa mvuke ni kazi ghali: gramu moja ya maji huhitaji jouli 314 hivi kutoka joto la chumbani hadi kuchemka, kisha jouli 2,260 nyingine ili itoke kama mvuke. Zaidi ya mara saba. Kwa hiyo unapomimina wali wenye unyevu juu ya karai la moto, karai halikaangi. Linafanya kazi ya kukausha. Joto lote linamezwa na maji ya juu ya punje, punje zinavimba, wanga unatoka nje na kuwa gundi. Harufu nzuri ya kukaanga, ile iliyofanyiwa utafiti na Mfaransa Louis-Camille Maillard na kuchapishwa mwaka 1912, huja kwa kasi pale sehemu ya juu ya chakula inapofika nyuzi 140 hivi. Juu ya punje iliyoloa, hapo hapafikiki.

Hivyo lengo la usiku ule wa kusubiri ni mambo mawili, na wapishi wengi wanalijua moja tu. La kwanza ni kukausha ngozi ya punje. Hili halihitaji usiku mzima; wali uliotandazwa kwenye sinia pana mbele ya feni unakauka juu kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. La pili linatokea ndani. Wakati wa kupika, wanga wa mchele hunywa maji na kufumuka. Ukipoa, molekuli ndefu za amilosi hurudi kusogeleana na kupangana, kama maamuma wanavyonyoosha safu baada ya ikama, na maji yanasukumwa kutoka kati yao. Baridi ya friji, nyuzi 4 hivi, huharakisha mpangilio huo. Ndiyo maana wali wa jana ni mgumu ukiugusa, na ndiyo maana unavumilia kupigwapigwa na mwiko bila kuvunjika. Ukiupasha, ndani unalainika tena, lakini kila punje imebaki na mpaka wake.

Aina ya mchele ina neno lake hapa. Michele yenye amilosi nyingi huchambuka kwa urahisi. Yenye kidogo hunata. Mchele wa jasmini unaopendwa Asia ya Kusini-Mashariki una amilosi ya chini kuliko basmati, kwa hiyo mpishi wa Vietnam anaupika kwa maji machache kuliko kawaida anapojua kesho ataukaanga. Mchele wa Kyela au pishori ya Mwea unafaa kabisa kwa kazi hii, kwa sharti hilohilo: punguza maji, na usiufunike kwenye friji kwa saa ya kwanza.

Kile kijidudu nilichokitaja kinaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hukaa kwenye mchele mbichi na kuchemsha hakuziui. Wali ukiachwa kwenye joto la kawaida, mbegu zinaamka, bakteria wanaongezeka, na aina fulani wanatoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiki hata ukiikaanga. Mwaka 1971 madaktari nchini Uingereza walianza kuhusisha matukio ya kutapika na wali wa kukaanga wa migahawa ya Kichina, ambako sufuria kubwa za wali zilikuwa zikiachwa nje usiku. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kwetu sufuria ya wali hubaki jikoni hadi asubuhi, na usiku wa Mombasa au Dar es Salaam una joto ambalo kijidudu hiki kinalipenda. Kiporo cha kukaanga kisilale mezani. Kitandaze mara tu kinapoiva, kipoe ndani ya saa moja, kiingie kwenye friji, na ukitumie kesho yake. Asiye na friji apike mchele mchana kwa maji kidogo, autandaze kwenye sinia, na aukaange siku hiyohiyo mara unapokauka. Atakosa ule ugumu wa ndani, lakini ladha ataipata.

Kuhusu moto, mwaka 2020 watafiti wawili wa Georgia Tech nchini Marekani, Hungtang Ko na David Hu, walichapisha uchambuzi wa video za wapishi wa Taiwan na China wakirusha wali kwenye karai. Waligundua kwamba mpishi hurusha mara 2.7 hivi kwa sekunde, na kwamba mkono wake unafanya miondoko miwili kwa pamoja: anasukuma na kuvuta karai huku akiliyumbisha juu ya ukingo wa jiko. Wali unaruka, unapoa kidogo hewani, unarudi kwenye chuma. Hivyo unapata joto kali bila kuungua. Kilichowasukuma kuchunguza, kwa sehemu, ni maumivu ya mabega ambayo wapishi hao huyapata kazini. Jikoni kwako usirushe. Jiko la gesi la nyumbani lina nguvu ndogo mno ukilinganisha na la mgahawa, na kila unapoliinua karai unaliondolea joto. Acha karai likae, geuza wali kwa mwiko, na, muhimu kuliko yote, kaanga kidogokidogo. Wali wa watu wanne ugawe mafungu mawili. Anayepikia jiko la mkaa lililokolea ana bahati kuliko anavyodhani.

Mpaka hapa nimeeleza wali wa kukaanga wa mahali popote: Indonesia, Thailand, China yenyewe. Kinachoufanya uwe wa Vietnam ni nước mắm, kimiminika cha rangi ya kaharabu kinachotokana na samaki na chumvi, basi. Samaki ni cá cơm, dagaa wa baharini ambao ni ndugu wa karibu wa dagaa mchele wa Zanzibar. Kwenye kisiwa cha Phú Quốc, wavuvi huwachanganya na chumvi wakiwa bado baharini, takribani sehemu tatu za samaki kwa moja ya chumvi. Wakifika pwani, samaki hao wanajazwa kwenye mapipa makubwa ya mbao yenye kimo cha kumpita mtu, wanagandamizwa kwa mbao na mawe, na kuvundikwa kwa mwaka mmoja hivi. Vimeng'enya vya matumbo ya samaki vinameng'enya nyama yote hadi protini zivunjike kuwa asidi amino. Kisha bomba la chini linafunguliwa, na kinachodondoka mwanzo ndicho bora. Ubora hupimwa kwa gramu za naitrojeni katika lita: 40 ni nzuri sana, 10 ni ya kuhurumiwa. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliipa nước mắm ya Phú Quốc ulinzi wa jina, yaani Ulaya hakuna ruhusa ya kuuza kwa jina hilo kitu kilichotoka kwingine. Wasomaji wa Ghuba wanaoijua mahyawa wana pa kuanzia. Ni jamaa yake, ingawa ile hutiwa viungo.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo siwezi kulipita. Mji wa pili kwa sifa ya nước mắm ni Phan Thiết, na mwaka 1906 wazalendo waliopinga ukoloni wa Ufaransa walianzisha hapo kampuni ya Liên Thành, iliyouza nước mắm na kugharimia elimu. Karibu yake palikuwa na shule ya Dục Thanh, ambako mwaka 1910 alifundisha kijana aitwaye Nguyễn Tất Thành. Mwaka uliofuata aliondoka Saigon akiwa msaidizi wa jikoni kwenye meli ya Wafaransa. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ho Chi Minh. Historia ya siasa ya nchi hiyo ukiichimba vya kutosha inatoa harufu ya mapipa hayo.

Kwenye karai, nước mắm ina adabu yake. Haimwagwi juu ya wali. Inazungushwa kwenye ukingo wa karai, juu ya wali ulipoishia, pale chuma kilipo kikavu na moto. Itachemka papo hapo, maji yake yatatoka kwa kelele, harufu kali ya samaki itapanda na mvuke na kupotea ndani ya sekunde chache, na asidi amino zitabaki kwenye chuma zikibadilika rangi. Hapo ndipo unaukokotea wali juu yake. Kiasi kilekile kikimwagwa katikati kingekuletea unyevu na harufu ya pwani wakati wa kupwa. Tofauti hii mtu anaisikia mara ya kwanza anapoijaribu, na kwa maoni yangu ndiyo mbinu moja inayostahili kufundishwa kabla ya nyingine zote.

Nyama si jambo kubwa. Soseji ya Kichina ni ya nguruwe, hali kadhalika mafuta ya asili, na wasomaji wengi wa Kiswahili hawatavigusa. Habari njema ni kwamba Vietnam yenyewe ina Waislamu, na wamelishughulikia suala hili zamani. Wacham wa mkoa wa An Giang, karibu na mpaka wa Kambodia, hutengeneza soseji ya ng'ombe iitwayo tung lò mò: nyama na mafuta ya ng'ombe, viungo, na wali uliopoa unaotiwa ndani ili kuchachusha, vyote vikajazwa kwenye utumbo uliosafishwa na kuanikwa juani. Ukali wake kidogo unakata mafuta ya wali vizuri mno. Kwetu, soseji kavu ya ng'ombe au vipande vyembamba vya nyama vinashika nafasi hiyo. Njia nyingine halali kabisa ya Kivietnam ni cơm chiên cá mặn, wali wa samaki wa chumvi: chukua ng'onda, loweka dakika chache, chambua mifupa, kaanga hadi nyama ikauke, kisha itie kwenye wali na upunguze nước mắm kwa nusu. Hanoi wao wanashikilia cơm rang dưa bò, ya nyama ya ng'ombe na majani ya haradali yaliyochachushwa kwa chumvi, na mimi nikilazimishwa kuchagua moja nitachagua hiyo.

Upishi wenyewe, basi. Toa wali gramu 600 kwenye friji, kama vikombe 4, uvunjevunje mabonge kwa mikono iliyolowa kidogo. Pasua mayai matatu. Viini viwili vikande ndani ya wali hadi kila punje iwe na rangi ya njano, na kilichobaki kipige pembeni. Pasha karai likiwa tupu hadi litoe moshi mwembamba, tia mafuta vijiko 2 vya chakula na punje nne za kitunguu saumu zilizosagwa. Mara zinapogeuka rangi ya dhahabu zitoe, maana zikibaki zitaungua na kuleta uchungu. Kaanga yai kidogo tu, litoe likiwa bado laini. Nyama au kamba vivyo hivyo, vikiiva vitoke. Karoti na njegere, ukizitaka, ziwe zimeshachemshwa na kukaushwa kwa kitambaa. Mboga mbichi ni maji mengine hayo.

Sasa nusu ya wali. Ueneze kwenye karai na uuache sekunde thelathini bila kuugusa, kisha geuza, kandamiza mabonge kwa mgongo wa mwiko, acha tena. Sikiliza. Mwanzoni utasikia sauti nzito ya mvuke. Ikibadilika kuwa ya kudatadata, na punje moja moja zikaanza kurukaruka, maji ya juu yamekwisha. Zungusha kijiko kimoja kidogo cha nước mắm kwenye ukingo, nyunyiza sukari kidogo sana na pilipili manga, koroga haraka. Weka pembeni, rudia nusu ya pili, kisha kusanya vyote pamoja na yai, kitunguu saumu na majani ya vitunguu, na uzime moto kabla majani hayajanyauka. Chumvi onja kwanza. Mara nyingi haihitajiki. Mezani upeleke na tango lililokatwa vipande, nyanya, na kibakuli cha sosi ya soya yenye pilipili kali. Tango si pambo, linahitajika kwa ubaridi na maji yake.

Kwa anayetaka kuendelea, hili ndilo zoezi la kwanza ninalompa. Pika sufuria moja ya mchele na uigawe mara tatu. Fungu la kwanza likaange lingali la moto. La pili litandaze kwenye sinia kwa saa moja. La tatu lilaze kwenye friji hadi kesho. Yote matatu yakaange kwa mafuta na chumvi tu, kwa moto uleule na muda uleule wa dakika tatu. Pima uzito wa kila fungu kabla na baada ya karai, upate kujua maji yaliyotoka. Bonyeza punje kati ya vidole viwili, angalia kama inapasuka au inapondeka, uandike. Kisha onja la pili na la tatu ukiwa umefumba macho, mtu mwingine akikupa kijiko, na uamue kama usiku mzima wa friji ulileta kitu ambacho feni ya saa moja haikuleta. Wapishi hawakubaliani juu ya hilo, na jibu linategemea mchele uliotumia.